Kabla ya kutukremisha 135 hadi 145, tuelezeni kwanza kwa nini sukari

Kwenye CAT ya maji, chumvichumvi na asidi ya mwili nilipata 74 kwa 100. Niliipiga picha ile karatasi nikaitupa kwa grupu ya familia, na mjomba mmoja akanitumia mia mbili ya soda. Wiki chache baadaye, kitu saa nne usiku, nikasikia mlango ukigongwa.

"Daktari, umelala?"

Kwetu Kayole ukisomea uuguzi hata muhula mmoja tu, ploti nzima inakuita daktari. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, amembeba mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa ameharisha tangu asubuhi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, na alipolia hakuna chozi lililotoka. Nikauliza amekunywa nini. Mama akasema amemnyima maji na uji tangu mchana, kwa sababu kila akinywa inapita tu.

Sasa nikuambie nilichokuwa nacho kichwani wakati ule. Sodiamu, 135 hadi 145. Potasiamu, 3.5 hadi 5. pH ya damu, 7.35 hadi 7.45. Bikaboneti, 22 hadi 26. Nilikuwa na namba zote, na hakuna hata moja iliyoniambia nifanye nini na mikono yangu. Nilisimama hapo mlangoni nikishika simu kama mtu anayengoja meseji ya M-Pesa.

Aliyetuokoa ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mama mmoja ambaye masomo yake yaliishia darasa la nane. Alikuja na leso kichwani, akafinya ngozi ya tumbo la mtoto akaangalia inavyorudi, akauliza nepi ya mwisho yenye mkojo ilibadilishwa saa ngapi. Pakiti zake za ORS zilikuwa zimeisha na duka la dawa limefungwa. Akaomba maji yaliyochemshwa, akapima kwa chupa ya soda ya nusu lita mara mbili, akaweka vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha juu, na nusu kijiko cha chumvi.

Hapo ndipo mama mtoto akakataa. "Sukari? Si hiyo ndiyo itamharisha zaidi?"

Yule mhudumu akanigeukia. "Daktari, wewe ndiye unasomea hii. Mwelezee mwenzako kwa nini sukari."

Sikujua. Nilikuwa na 74 kwa 100, na sikujua.

Mtoto alikunywa hatimaye, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu yule mhudumu alisisitiza. Alipotapika wakangoja dakika kama kumi, wakaanza tena polepole. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekojoa, na asubuhi na mapema akapelekwa zahanati, wakamwangalia vizuri na kumpa zinki. Leo anapiga mpira kwenye korido na kuniamshia usingizi. Lakini lile swali halijawahi kuniacha, na ndilo limenifanya niandike hii.

Maoni yangu ni haya: somo hili, ambalo wanafunzi wa uuguzi wanaliogopa kuliko karibu yote, si gumu hivyo. Tunafundishwa kinyumenyume. Tunaanza na jedwali la namba, tunamalizia na namba, na mgonjwa anatokea mwishoni kama mfano. Wacha nijaribu kulianza mahali ningependa mimi nianziwe: jikoni.

Ushawahi kutengeneza kachumbari? Kitunguu ukikikata na kukinyunyizia chumvi, baada ya dakika kadhaa bakuli lina maji ambayo hukuyamwaga wewe. Yametoka ndani ya kitunguu. Maji hufuata chumvi. Ukishaelewa hiyo bakuli, umeelewa nusu ya mhula.

Mwanamume wa kilo 70 ana karibu lita 42 za maji mwilini. Thuluthi mbili, lita 28 hivi, ziko ndani ya seli. Lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli, na kati ya hizo ni kama lita tatu tu ndizo majimaji ya damu. Chumvi ya nje ni sodiamu, ya ndani ni potasiamu. Mlangoni mwa kila seli kuna pampu ambayo kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti asiyelala: inatoa sodiamu tatu, inaingiza potasiamu mbili, siku nzima, usiku kucha.

Sasa ile 135 hadi 145 inaanza kuwa na maana. Sodiamu ya damu ikishuka sana, chumvi ya nje imepungua, kwa hivyo maji yanaingia ndani ya seli na seli zinavimba. Seli za mkononi zikivimba kidogo hakuna shida. Lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu na hauna pa kwenda. Ndiyo maana mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, halafu degedege. Sihitaji kukremu dalili. Nikifikiria kachumbari ndani ya sufuria iliyofunikwa, zinakuja zenyewe.

Na potasiamu? Karibu asilimia 98 yake iko ndani ya seli. Kile kidogo kilichoko kwenye damu ndicho kinachosaidia moyo kupiga kwa mpangilio, kwa hivyo kikiongezeka ghafla moyo unaweza kusimama. Hapo unaelewa kwa nini ile chupa ndogo ya potasiamu haidungwi kamwe moja kwa moja mshipani bila kuchanganywa. Kwangu hiyo ilikuwa sheria ya kukariri, namba 6 kwenye notsi. Mtu akiwa amechoka saa tisa usiku, sheria ya kukariri inaweza kumponyoka. Ukijua kwa nini, mkono unasita wenyewe.

Turudi kwa sukari, maanake najua jirani yangu anasoma.

Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao haufungukii mtu mmoja. Sodiamu ikija peke yake hapo, mlango umefungwa. Glukosi ikija peke yake, hivyohivyo. Wakija wameshikana mikono, wanaingia pamoja, na maji yanawafuata nyuma, kwa sababu tumeshakubaliana maji hufuata chumvi. Mlango huo ulielezwa na Robert Crane mwaka wa 1960. Na jambo la ajabu ni kwamba hata mtu akiwa na kipindupindu, wakati milango mingine imevurugika na utumbo unamwaga maji kama mfereji uliopasuka, mlango huo mmoja unaendelea kufanya kazi. Sukari kwenye ORS haikuwekwa ili mtoto apende ladha. Ni mwenza wa chumvi mlangoni.

Na mama mtoto hakuwa mjinga. Sukari ikizidi, inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji yatoke mwilini, na kuhara kunazidi kweli. Ndiyo maana soda na juisi ya pakiti si tiba ya kuhara. Na chumvi ikizidi ni hatari kubwa kwa mtoto. Kila kitu ni kipimo. Pakiti ya ORS ya siku hizi, kwa lita moja ya maji, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti ambazo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Kwa hivyo pakiti ndiyo bora, na ile ya vijiko ni ya usiku kama ule wetu. Lakini soma pakiti kabla ya kuchanganya: kuna ya nusu lita na kuna ya lita moja, na kuimwaga kwenye kikombe kimoja cha chai ni kosa.

Unajua ni nani alithibitisha kwamba mama anaweza kufanya kazi hiyo? Mwaka wa 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia India na kipindupindu kikazuka kambini. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, mpakani, na maji ya dripu yalikuwa yanaisha. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye maji, na jamaa za wagonjwa ndio wakawa wanawanywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Hiyo hadithi sikuisikia darasani hata siku moja. Tulipewa jina la mchanganyiko na alama mbili za kulitaja.

Sasa asidi, ile sehemu ambayo darasa letu zima liliogopa. Mimi niliipita kwa kutumia neno la herufi nne la kukumbukia na mishale ya juu na chini. Niulize wiki mbili baadaye, nilikuwa mweupe kabisa.

Rudi jikoni. Chukua magadi kidogo, yale mama anaweka kwenye maharagwe yaive haraka. Kamulia ndimu. Umeona povu? Hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi inatoroka. Asidi ya ndimu imekutana na magadi, yakazaa maji na hewa, na ukali wa ndimu umepungua. Damu yako inafanya hivyo kila sekunde. Bikaboneti ni magadi ya damu. Asidi zinazotengenezwa na mwili zinakutana nayo, hewa ya kaboni inatokea, na mapafu yanaipuliza nje. Figo ndizo zinazosimamia stoo ya magadi: zinarudisha bikaboneti na kutupa asidi kwenye mkojo. Mapafu yanajibu kwa dakika chache. Figo ni kama ofisi ya serikali, zinachukua masaa hadi siku kadhaa, lakini kazi inafanyika.

Mtoto anayehara sana anamwaga bikaboneti kwenye kinyesi. Stoo ya magadi inaisha, asidi inapanda, na mapafu yanajaribu kusaidia kwa kupumua haraka na kwa kina. Ukimwona mtoto hivyo, usikimbilie kusema kifua kinamsumbua na ukaishia hapo. Anayetapika tu ni kinyume chake: anatapika asidi ya tumbo, kwa hivyo damu inaegemea upande wa magadi. Mtu wa kisukari ambaye amekosa insulini naye anatengeneza asidi kutoka kwa mafuta, na utamsikia akivuta pumzi ndefu nzito kama aliyepanda ngazi. Wagonjwa watatu, jikoni moja. Hapo sasa nipe ile mishale, nitakuchorea bila kukremu.

Lakini kuna upande wa pili ambao huku mtandaoni tunausahau. Kuna wale wa kutuambia tunywe maji lita tatu, nne, kila siku, ukiwa na kiu usiwe na kiu. Wasee, maji nayo yana kipimo. Mbio za Boston za 2002 ni Wakenya walioshinda pande zote mbili, Rodgers Rop na Margaret Okayo. Tulishangilia. Ambacho hatukusikia ni kwamba watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 wa kawaida waliomaliza siku hiyo, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Si kwa sababu walikosa maji. Wengi wao walikunywa kupita kiasi, hadi wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Na kuna hadithi iliyo karibu zaidi na nyumbani, ambayo inafaa iwe ukurasa wa kwanza wa notsi za kila mwanafunzi wa uuguzi Kenya. Ni ya utafiti unaoitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanyia kazi Kilifi, na uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Vitabu kutoka ng'ambo vilikuwa vinasema mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Watoto 3,141 wakagawanywa: wengine wapewe maji hayo ya haraka, wengine wasipewe. Kila mtu alitarajia maji yaokoe. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kinyume: ndani ya saa 48, walikufa kama 10 au 11 kwa kila 100 waliopewa, na 7 kwa kila 100 ambao hawakupewa. Utafiti ukasimamishwa mapema.

Tuelewane. Wale hawakuwa watoto wa kuhara, hao waliachwa nje ya utafiti, na mtoto aliyekaukiwa vibaya bado anahitaji maji yake haraka. Lakini somo ni kubwa. Dripu ni dawa, na dawa ina kipimo, na ina mtu wa kupewa na wa kutopewa. Pale mtaani mtu akiumwa kidogo anataka "awekewe maji" ndio ahisi ametibiwa. Muuguzi aliyekremu namba atamwekea. Muuguzi anayejua maji yanaenda wapi yakishaingia atauliza kwanza.

Hapa nina dhambi ya kuungama. Nikiwa kwenye mazoezi ya wodini, kazi yangu ilikuwa kujaza chati ya maji yanayoingia na kutoka: amekunywa ngapi, dripu imeingiza ngapi, amekojoa ngapi. Niliiona kazi ya kijakazi. Kuna siku zamu ilikuwa inaisha, nikaandika kiasi cha mkojo ambacho sikukipima. Nilikisia. Nilichagua namba inayofanana na ya jana. Hakuna aliyenigundua, na sijui daktari aliamua nini kutokana na ile namba. Na si mimi peke yangu, makomredi mnajua. Tulikuwa tunaijaza chati asubuhi kwa uongo, halafu jioni tunakesha tukikremu somo ambalo chati hiyo ndiyo somo lenyewe.

Najua mtu ataniambia: wewe uliacha chuo, unatufunza nini? Ni kweli. Niliacha mwisho wa mwaka wa pili. Nisiwadanganye kwamba niliacha kwa kanuni fulani. Karo iliisha, na ndoto ikaishia hapo kwenye lango la ofisi ya fedha. Siku hizi ninaandika na kupiga picha za harusi. Sijifanyi muuguzi, na mtoto wako akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, usisome makala yangu, kimbia hospitali. Lakini nimeketi kwenye lile dawati, na huenda aliyeshindwa kubaki darasani anakumbuka vizuri zaidi ni wapi alipopotea.

Mwingine atasema mtihani wa baraza ni wa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, sasa magadi na kachumbari zitatusaidia nini? Sikatai. Majina yabaki yalivyo, tuyajue na tuyaandike. Ninachosema ni kwamba jina hupewa kitu ukishakiona. Mwalimu akitumia dakika kumi za kwanza kwa bakuli la kachumbari na lugha tunayoongea kwenye matatu, zile dakika hamsini za Kiingereza zitapata mahali pa kukaa. Na kuna jambo lingine. Muuguzi atafanya mtihani wa Kiingereza mara chache maishani. Yule mama wa nyumba ya tatu atakutana naye kila siku, na swali lake litakuwa la Kiswahili.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Wekeni kwenye CAT swali moja lisilo na namba: mama amekataa kumpa mtoto ORS kwa sababu ya sukari, mweleze. Alama kumi. Mtashangaa nani atafeli. Mimi ningefeli.

Kwa makomredi: usilale na lile jedwali leo. Chukua mgonjwa mmoja wa wodini kwako ujiulize ameingiza nini, ametoa nini, kwenye kile alichotoa kulikuwa na nini, na mapafu na figo zinajaribu kurekebisha vipi. Pima ule mkojo kweli. Halafu ukirudi ploti, tafuta mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo umweleze kwa nini sukari.

Mimi nilimweleza jirani yangu miezi mingi baadaye, tukiwa tumeketi kwenye ngazi, stima zimepotea. Nilimpa hadithi ya mlango na watu wawili walioshikana mikono. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni hivyo tu? Na mbona usiniambie siku ile?"